Mkandaji wa Mkate

Siku ya kujiandikisha kwenye darasa la Kiingereza la kanisa la Kimethodisti, Léonie, mke wa askari, alifika kwenye mstari wa kazi katika fomu, akaandika: hakuna. Hakuna! Mwanamke anayeamka kabla jogoo hajawika, akakanda unga mpaka mabega yakamuuma, akalisha nusu ya kambi ya Kamina mkate wa moto.

Mwalimu Masengo alikuwa na desturi yake: hakuna cheti mpaka mwanafunzi asimame mbele ya wenzake, aeleze neno moja la Kiingereza lilikotoka. Na Léonie alikitaka cheti kile kwa kufa na kupona, maana shule moja ndogo ya kambini ilimwahidi darasa la kufundisha. Mara mbili alisimama, mara mbili ulimi ukamkauka. Mara ya pili Jéthro, karani mwenye kola iliyonyooshwa kwa pasi, alizitazama kucha za Léonie zilizoganda unga, akacheka.

"Mama, Kingereza haiko unga."

Ilimuuma sana. Lakini Léonie si mtu wa kususa. Wiki nzima, akishamaliza kuuza, aliifungua kamusi kuukuu ya maktaba ya kanisa, kidole kikifuata mstari kwa mstari, mpaka siku moja akapiga kelele ya furaha peke yake.

Mara ya tatu alisimama.

"Neno yangu ni 'lady'. Minyi nilifikiri njo mwanamuke wa viatu virefu. Hapana! Miaka elfu moja nyuma, Baingereza balikuwa banasema 'hlæfdige': mwanamuke wa kukanda mukate. Na ile kukanda inatoka mu luga ya zamani zaidi, kule ilikuwa kukanda udongo." Akainua mikono yake juu. "Hii mikono njo ilikanda udongo ya tanuru yangu. Kisha mukate."

"Na 'lord'?" Masengo aliuliza, akijikaza asicheke.

"Mulinzi wa mukate. Bwana yangu ni soda, ni askari, mwalimu. Mukate yangu anailinda na meno."

Darasa zima likavunjika mbavu. Jéthro naye alicheka, ila safari hii macho yake yalikuwa kwenye viatu vyake mwenyewe.

Masengo akatia sahihi cheti, kisha akaitoa ile fomu ya kwanza.

"Mama Léonie, hapa kwa kazi uliandika hakuna. Niache vile?"

"Leta kalamu, mwalimu."

Akakata lile neno kwa mstari mmoja mzito. Juu yake akaandika: mkandaji wa mkate. Akafikiri kidogo, akaongeza: na mwalimu.