Chatu Ndani ya Kabati la Chipsi

Ukimpa chatu sanduku, anakuwa chatu wa sanduku. Ukimpa chumba, anakuwa chatu wa chumba. Ukimwacha akaingia kanisani, Jumapili waumini watasalia nje, maana ndani kutakuwa kumejaa chatu ukuta kwa ukuta.

Hayo nilielezwa na mjomba wangu kule Kibara nikiwa bado na meno ya maziwa, na niliyaamini kuliko jedwali la kuzidisha. Mjomba ndiye aliyeongoza kikundi cha ngoma kinachocheza na nyoka, na chatu wake alilala kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nani angebishana naye? Kwa miaka mingi sikuoga ziwani. Wenzangu walidhani naogopa mamba. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu: kama chatu hujaza nyumba yake, je, yule ambaye nyumba yake ni ziwa zima?

Nikakua, nikaoa, nikahamia Musoma, nikaanza masomo ya jioni pamoja na wazee wenzangu wenye vipara na vitambi. Siku tuliyofundishwa reptilia nikanyoosha mkono nikauliza kama ni kweli chatu hukua kwa kipimo cha nyumba. Mwalimu, aliyekuwa na umri wa kuwa mwanangu, akatazama saa akasema, "Mzee, hilo haliko kwenye silabasi." Nikakaa nimeridhika. Hakusema si kweli. Nikahitimu nayo, na cheti juu.

Sasa, mjomba akapatwa na ngiri. Akapasuliwa, akashonwa, akaambiwa asinyanyue kitu kizito mpaka daktari aseme, na chatu ni kitu kizito, tena kitu kizito kinachojinyonganyonga. Ikaamuliwa akapumzike kwa binti yake aliyeolewa Butiama. Chatu je? Wanakikundi wote ghafla wakawa na safari. Nikajitokeza mimi, kifua mbele, msomi.

"Mjomba," akaniambia. Yeye huniita mjomba nami namwita mjomba, ndivyo tulivyo. "Harusi ya kwanza baada ya mavuno tunacheza Bunda. Huyu ndiye ngoma yenyewe. Sisi wengine ni wapiga makofi tu. Nikitoka huko Butiama nataka nimkute vile vile."

Vile vile! Wewe msomaji ungesikia: mzima, mwenye afya. Mimi nilisikia: urefu ule ule. Nikamsimamisha kwa macho nikamwona ananifika kifuani, nikaapa moyoni kwamba hata kitovu cha nzi hataongezeka.

Chatu akafika kwetu Mwisenge, hapo Musoma, ndani ya sanduku lake, juu ya gari la dagaa. Alinukia dagaa wiki nzima, na paka wa mtaa mzima wakawa wanatutembelea, mpaka walipomwona mwenyeji wao. Mke wangu alilitazama lile sanduku, akanitazama mimi, akatoa sheria moja tu.

"Akitoka kwenye nyumba yake hata mara moja, mmoja wenu anahama. Na wewe nimeshakuzoea kidogo."

Mjomba alikuwa ameniagiza kwa simu kwamba sanduku ni la safari tu, kwa mgeni wa kukaa lazima nimjengee mahali pa maana: pa kuonekana, pa kupitisha hewa, pa kufungwa vizuri. Nikazunguka mji. Dawa nikaipata mlango wa tatu, kwa mama aliyekuwa akikaanga chipsi kabla hajahamia kwenye uji. Kabati lake la vioo lilikuwa nyuma ya nyumba, kuku wanalalia. Refu, la kubebwa na wanaume wawili, kioo pande tatu, na nyuma vile vilango vya kuteleza vya kuingizia mkono.

"Unaenda kukaanga?" akaniuliza.

"Naenda kufuga."

"Kufuga nini humo, samaki? Linavuja hilo."

Nilipomwambia, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Halafu akasema nilichukue bure, ila nisije nikamrudishia.

Nililisugua kwa maji ya moto na sabuni hadi mafuta ya miaka yote yakatoka. Maandishi ya rangi nyekundu mbele, CHIPSI KUKU MAYAI, yalikataa kutoka, nikayaacha. Juu nikatoboa, nikafunga wavu wa chuma mdogo. Vilango vya nyuma nikavitia komeo na kufuli, kwa kuwa mjomba alisema, "Nyoka hana mikono lakini ana muda. Tundu linalopita kichwa chake, yeye mzima amepita." Chini nikatandika magazeti. Nilitaka kuweka maranda ya seremala, mjomba akapiga kelele kwenye simu kwamba yatamwingia mdomoni akila. Magazeti, alisema, akichafua unakunja unatupa, unaweka jingine. Kwa hiyo nikawa nasoma habari za mwezi uliopita kupitia tumbo la chatu.

Nikatia beseni zito la maji, linalomtosha kujikunja ndani. Nikatia nusu ya chungu kilichovunjika, kikiwa kimepinduliwa, awe na pa kujificha. Juu ya upande mmoja nikaning'iniza bulbu ya kupashia vifaranga joto, nje ya wavu asije akaikumbatia akaungua.

Kufikia hapo ningeweza kupewa medali. Lakini lile kabati lilikuwa kubwa mara mbili ya sanduku, na mimi nina elimu yangu. Nikakata plaiwudi, nikasimamisha katikati. Nusu yenye bulbu ya chatu, nusu tupu. Nikapima kwa kamba: sawasawa na sanduku. Vile vile.

Jioni ya kwanza, bulbu ikawaka, kabati likang'aa dirishani kwetu kama banda la stendi. Bodaboda mmoja akasimama, akashusha mguu.

"Bosi, chipsi kavu."

"Hakuna chipsi hapa."

"Basi nipe hiyo soseji."

"Siyo soseji, ndugu yangu."

"Naiona kabisa, hiyo hapo kubwa. Usinibanie bana, nina njaa."

Soseji ikainua kichwa, ikatoa ulimi kumtazama mteja. Yule kijana sikuona alivyoondoka. Naamini pikipiki ilijiwasha yenyewe kwa woga, naye akaikuta njiani. Kesho yake mke wangu akashona pazia la kabati kutoka kwenye kanga yake iliyochoka, na mtaa ukatulia, isipokuwa wale waliokuja kwa makusudi kuagiza "chatu mayai".

Shida ikaanza. Chatu akaingia kwenye beseni, akakataa kutoka. Mchana majini, jioni majini, pua tu nje. Nikamwekea panya aliyekwisha kufa, mnono, wa daraja la kwanza. Hakumgeukia. Nikamwondoa, baada ya siku kadhaa nikamletea mwingine. Hakumgeukia. Mimi mwenyewe nikaanza kukosa hamu ya kula. Nilikuwa naiona ile harusi ya Bunda: ngoma zinalia, mjomba anafungua sanduku, ndani kuna mkanda wa suruali.

Nikampigia.

"Yuko kwenye maji tu, mjomba."

"Basi joto limemzidi. Upande wa baridi je, haendi?"

"Upande wa baridi upi?"

Nikasikia kuku wa Butiama wakiwika.

"Mjomba. Chumba kinamtosha kweli?" akaniuliza.

"Kinamtosha kabisa! Hakuna hata nafasi ya kidole."

"We! Unamkaanga mwenzio? Nyoka hanaga jiko mwilini. Akisikia baridi anafuata joto, akisikia joto anafuata kivuli, kama wazee uani. Mpe pande zote mbili, achague mwenyewe. Toa chochote ulichoziba."

Nikaitoa plaiwudi, nikamfungulia nusu ya pili ya dunia. Nikajua sasa tunacheza pata potea: ama afe kwa joto, ama ajaze kabati. Nikahamishia beseni na chungu upande wa baridi. Hakuchukua muda. Alitoka majini taratibu, akateleza hadi mwisho wa kioo, akajikunja ndani ya chungu, na nusura nimsikie akisema ahsante. Umeme ulipokatika mke wangu, yule yule wa sheria moja, ndiye aliyejaza chupa maji ya moto, akaifunga kwenye taulo, akanikabidhi. "Mpe mgeni wako asije akafa kwangu, watasema ni mimi."

Hata hivyo hakula. Ngozi ikafifia kama shati lililoanikwa sana. Halafu macho yakageuka, yakawa na utandu wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa maji. Simu tena.

"Amekuwa kipofu, mjomba!"

"Hajawa kipofu. Anataka kuvua gamba. Usimshike, usimpe chakula. Loweka kitambaa, weka humo, na jiwe la kukwaruza."

Nikatia kitambaa kibichi, nikatia jiwe kutoka ufukweni, nikawa namchungulia kila nikipita kama baba aliye nje ya wodi ya wazazi.

Asubuhi moja nikafungua pazia, na gamba lilikuwa pale, limelazwa juu ya magazeti kutoka jiwe hadi kwenye beseni. Zima. Angavu kama nailoni. Mwenyewe amejikunja chunguni, rangi zake zinawaka, unadhani amepakwa mafuta ya kanisani. Nilifungua kufuli, nikalitoa gamba kwa vidole viwili, nikalitandaza sebuleni. Nikalitazama. Nikalala chini kando yake, kisigino kwenye mkia.

Mke wangu akatoka jikoni na sufuria ya uji.

"Sasa unafanya nini?"

"Najipima."

"Na chatu?"

"Na shati lake. Hebu niambie, kichwa kimefika wapi?"

Akainama. "Limekupita. Kiganja kizima."

Nikainuka kama nimemwagiwa huo uji. Alipoingia alinifika kifuani! Nimetoa plaiwudi juzi tu, tayari amenipita kichwa! Kwa mwendo huo, ikifika Krismasi atakuwa anafungua mlango mwenyewe.

"Umempima chatu mwenyewe?" akauliza.

"Mtu anapimwa kwa suruali yake, mke wangu."

"Basi nenda kwa mjomba wako. Mie nafunga kufuli."

Nikalikunja gamba, nikalitia kwenye shangazi kaja, lile begi la mistari, nikaenda Butiama. Mjomba nilimkuta kwenye kiti uani, anafuata jua, kikombe cha chai mkononi. Sikusalimia vizuri. Nilifungua begi, nikamtandazia gamba miguuni, nikasimama kama mtuhumiwa.

Akaliinua polepole, akalipitisha kati ya vidole, akaanzia kichwani. Akagusa vile vioo viwili vidogo vya macho. Akafika kwenye ncha ya mkia.

"Macho yametoka yote," akasema. "Na mkia. Kipande kimoja, mjomba! Kwangu hata siku moja halijawahi kutoka hivi, linatokaga vipande vipande kama mkate wa jana. Umemtunza."

"Nimekuharibia, mjomba. Ulisema umkute vile vile. Nimemfungulia nyumba, naye amekua, amejaa kabati zima. Hilo ni gamba la mtu mrefu kuliko mimi. Sanduku halitamtosha tena, harusi ya Bunda itakuwaje?"

Alinitazama. Kisha kicheko kikamshika, akaweka kikombe chini, akashika tumbo kwa mikono yote miwili kulinda mshono. "Usinichekeshe, uzi utakatika! Ah! Mpaka leo? Na cheti unacho!"

"Kwani si wewe uliyenifundisha?"

Akajifuta machozi, akanirudishia gamba.

"Gamba likivuliwa linavutika, mjomba. Vua soksi mbichi uone. Chatu yuko urefu wake ule ule, na anakua kwa kula na kwa umri. Nyumba haimwongezei hata kidole. Yale ya sanduku nilikuambiaga tu ili usifungue kifuniko."