Jiwe la Mizani Juu ya Enta

Sijaisahau, mwanangu, siku Masalu alipoweka jiwe la mizani juu ya kitufe cha Enta, na leo nakukuta na wewe umekigandamiza kwa selotepu! Jamani! Hebu kaa hapa unisikilize.

Nilikuwa kijana, natengeneza programu na mwenzangu Masalu hapa hapa Nyamagana. Tulikuwa na programu ya ghala la mpunga la Magu. Magunia yalikuwa na namba tu, majina ya wenyewe yamo kwenye kompyuta. Tukibadilisha kitu, kompyuta inaijaribu programu yenyewe, jaribio moja baada ya jingine. Sasa katikati programu inauliza, "Nifute majina yote?" Asipokuwepo mtu wa kujibu, majaribio yanaganda. Masalu akachoka kukaa anabonyeza. Akaazima jiwe la mizani kwa muuza dagaa wa pale chini, akalilaza juu ya Enta, tukaenda kula.

Na Enta tupu, bila kuandika kitu, maana yake ndiyo! Na majaribio yenyewe tuliyaunganisha na majina ya kweli! Mpaka leo nikifikiria, kichwa kinaniuma.

Tuliporudi, majina hayapo. Kule Magu wakagawa magunia kwa kukisia. Mama Kulwa, mkulima wa pale, alipofuata mbegu yake mvua zimeshaanza, akakuta mtu mwingine ameichukua na kuikoboa, akarudishiwa mchele. Tukaenda kumwomba radhi. Nikampa shikamoo, naye badala ya kuitikia akauliza:

"Nani aliiambia mashine ifute?"

Masalu akainama. "Hakuna mtu, mama. Ni jiwe."

Mama Kulwa akachota mchele wake kiganjani, akatuonyesha. "Haya. Na huu utaota?"



Basi sikia, maana nimechoka kurudia. Jaribio lisisubiri mkono wa mtu. Liandikie majibu yake mapema, kila swali na jibu lake. Likiisha, rudisha mahali programu inapopokelea majibu kama ulivyopakuta, jaribio linalofuata lisije likala majibu yaliyobaki. Swali likikosa jibu, jaribio lianguke palepale na likuambie. Lisigande, wala lisijibiwe ndiyo kienyeji. Na majina ya watu wa kweli usiyatie kwenye majaribio. Unanisikia?

Mungu akubariki, mwanangu, akupe subira ya kazi yako, na asije mama wa watu akakuonyesha mchele kiganjani. Haya, bandua hiyo selotepu.