Bibi Alipohamia Bombani

Juzi nilipanda mtaa wa Nyamirambo, hapa Kigali, kumtafuta fundi wa kunipunguzia gauni, nikajikuta nimesimama mahali palipokuwa na bomba letu la maji. Sasa pana duka la simu. Kijana wa dukani akaniuliza, "Mama, iko kitu unatafuta?" Nikamwambia hapana, nikaendelea kusimama.

Wewe uliyekulia mtaa ule utazikumbuka jioni zake: harufu ya sambusa ikitoka milango ya nyuma, cherehani za mafundi zikikimbizana na giza, na sisi watoto kwenye foleni ya maji, kila mmoja amekalia dumu lake.

Mwaka vita vilipoanza kule mpakani nilikuwa na miaka kumi. Watu wengi walikamatwa mjini. Mmoja wao alikuwa baba wa msichana niliyesoma naye, karani mpole aliyetembea na mwavuli hata wakati wa jua. Haukupita muda, darasani kukaingia neno jipya: icyitso, yaani mtu anayemsaidia adui. Wenzetu wakambandika yule msichana jina hilo. Waliokaa naye dawati moja wakahama. Wakati wa mapumziko walimrushia vumbi, na jioni bombani walisubiri dumu lake lijae ndipo walipige teke, arudi mwisho wa foleni. Mwalimu alilisikia neno lile, akaendelea kuandika ubaoni.

Bibi, ambaye ndiye aliyenilea, alimwona siku moja akipita mbele ya nyumba yetu na dumu tupu, gauni limelowa. Akaniuliza kulikoni, nikamweleza. Aligeuza chapati, kisha akasema, "Kesho nenda ukae naye. Usigombane na mtu. Kugombana ni kazi yangu."

Kesho yake nikachukua mkoba wangu nikahamia dawati la nyuma. Msichana hakunitazama.

"Rudi kwako," alinong'ona. "Watakuita na wewe."

"Nimeshakaa," nikamwambia.

Wakaniita kweli, hata mapumziko hayajafika.

Jioni ile bibi alibeba mkeka na ungo wa maharage, akaenda kukaa kando ya bomba. Hakufoka. Alichambua maharage yake, na mtoto aliyelisogelea dumu la yule msichana aliulizwa taratibu, "Mama yako hajambo?" Mama zao wote aliwajua, wengine walizaliwa mikononi mwake. Mtoto alirudi nyuma. Tangu siku hiyo kila jioni bibi alikuwa pale, na mvua ikinyesha alijitanda kanga ya pili kichwani.

Darasani, lakini, bibi hakuweza kuja. Rafiki niliyezoea kuongozana naye asubuhi alianza kupitia njia nyingine. Kamba ilirukwa bila sisi. Tulikula viazi vitamu vyetu chini ya dirisha, msichana yule akisikiliza barabarani, kama baba yake anakuja.

Baba yake aliachiwa wakati wa masika, akarudi amekonda, anashika kikombe kwa mikono miwili. Muda si mrefu tukakuta nyumba yao imefungwa kwa kufuli. Majirani walisema wamevuka kwenda Burundi. Hakuniaga, nadhani hawakumwambia mapema. Nilibaki peke yangu kwenye dawati lile mpaka likizo kubwa. Hakuna aliyenifuata, wala mimi sikurudi nilikotoka. Bibi aliendelea kwenda bombani siku kadhaa. Nilipomuuliza anamlinda nani, alisema, "Labda watarudi."

Miaka mitatu baadaye yakaja yale mauaji unayoyajua. Bibi hakuyavuka.

Baadhi ya waliosoma nasi wako hapa hapa Kigali. Tukikutana sokoni tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto. Nimewauliza mmoja mmoja, kwa upole, kama wanamkumbuka msichana wa dawati la nyuma, binti wa karani. Wanafikiri kidogo, wanatikisa kichwa. Mmoja aliniambia, "Wewe si ulikuwa unakaa peke yako?"