Ini Lisilotaka Hasira

Mwishoni mwa miaka ya tisini macho yangu yaligeuka manjano. Nilikuwa nauza mikanda ya suruali Isipingo, ugenini kusini kabisa mwa bara, na wateja wakaanza kupokea bidhaa kwa ncha za vidole. Kliniki walinipima damu wakasema ini limevimba: pumzika, usile mafuta, usiguse pombe.

Mrundi niliyeishi naye chumba kimoja South Beach, fundi cherehani na mwimbaji wa kwaya, hakuridhika.

"Frère, ndugu yangu, kupumzika si dawa," alisema, akanipandisha taksi hadi Pinetown, kwa mzee wa Kichina aliyeuza mitishamba nyuma ya duka la viatu.

Mzee aliutazama ulimi wangu kwa muda mrefu mno, akanishika mapigo mkono huu, kisha ule. Alitufungia maua makavu ya njano na vitunda vyekundu mfano wa zabibu, nichemshe ninywe kama chai. Kisha akachora jani la kula kila siku. Lilifanana kabisa na mchunga, mboga chungu ambayo mama alinilisha kule Tanga huku ameshika fimbo. Nchi zote nilizovuka, kumbe bado linanifuata! Mwisho akasema jambo kwa Kiingereza chake, na mwenzangu akanitafsiria kwa furaha iliyonitia wasiwasi:

"Anasema ini haipendi makasiriko. Ukikasirika, dawa inakufa."

Kuanzia siku hiyo chumba kikawa chake. Nyama alikula peke yake, eti ina mafuta. Alfajiri alijizoeza besi juu ya kichwa changu. Kanzu yangu ya Ijumaa aliivaa Jumapili kwenye kwaya. Nikifungua mdomo tu, anainua kidole: "Ini, frère. Ini." Nami nayameza maneno pamoja na chai.

Wiki ya sita tulirudi kliniki. Nesi, mama wa Kizulu mwenye miwani, akasema ini limetulia. Mwenzangu akajipenyeza:

"Ni dawa yetu, sister!" Akamweleza yote, maua hadi majani.

Nesi akavua miwani. "Eish! Mgonjwa wa ini unampa vitu usivyovijua, na hamniambii?"

Alimgombeza yeye, si mimi, foleni nzima ikisikiliza, mpaka akajibu kwa kisauti cha mtoto: "Pardon, mama."

Mpaka leo sijui kilichoniponya ni kupumzika au ile chai. Nilitembea hadi kituo cha taksi nikicheka, naye nyuma yangu akiniuliza kama nadhani yule nesi ana mume.