Makuti ya Kilimani Baleni

Enzi zetu hapa kisiwani, wakati wa Mwingereza, hakuna mtoto wa Baleni aliyeonyeshwa njia ya kilimani. Ulizaliwa, ukatambaa, ukasimama, na siku moja ukajikuta unakimbia nyuma ya wakubwa wako hadi juu na kurudi. Basi, umeshaijua. Mtu wa Uluguru angekiona kilima chetu angecheka mpaka akae chini, maana ni kijituta tu kilichovimba nyuma ya mashamba. Lakini kwa miguu ya mtoto aliyeshiba kipande cha muhogo wa nazi, kilikuwa mlima kamili.

Njia ilianzia kisimani, nyuma ya msikiti, ambako mchanga ulikuwa baridi hata jua likiwa kali. Ukikanyaga mchanga wa moto, ujue umeshapotea. Kisha pua ikachukua kazi: moshi wa tanuri la kukaushia mbata ukiwa mkono wa kulia, endelea; ukikupiga usoni, umeingia shamba la Mwarabu, na ng'ombe wake hawakuwa na masihara. Halafu ni ule mkorosho ulioanguka ukaendelea kuzaa umelala, na baada yake minazi mitupu mpaka juu, ambako upepo ulikupokea kifuani. Ramani hatukuwa nayo. Leo nawaona vijana wamesimama njia panda, wameinamia simu, wanasubiri iwaambie kushoto ni wapi.

Jambo moja tu tulifundishwa kwa maneno, tena kwa kuvutwa sikio. Mwenye mnazi asiyetaka nazi zake ziguswe aliukaga: alisoma alichosoma, akafunga utepe wa kuti bichi kwenye shina, usawa wa kifua. Ukiliona kuti hilo, hupiti chini ya mti ule. Mama alikuwa akisema, "Ukiona kuti limefungwa, zunguka. Usiulize la nani, usiulize la lini. Zunguka." Ilisemekana ukipita tumbo litavimba. Mimi kwa udadisi wangu nikauliza kama ng'ombe nao huvimba, nikapata kofi. Lakini tumbo livimbe lisivimbe, ile ilikuwa adabu. Mali ya mtu haikuwa na ukuta wala askari; ilikuwa na jani, na jani lilitosha.

Sasa hapa ndipo damu yangu inapochemka mpaka leo.

Alikuja mwalimu wa michezo kutoka bara. Tulimwita Mwalimu Filimbi, kwa sababu hata akiwa anakula ilining'inia shingoni. Akatangaza mbio za kilimani, kutoka kisimani mpaka juu na kurudi, watoto wa Baleni na watoto wa Kilindoni mjini, na atakayeshinda atapelekwa Dar es Salaam kukimbia kwenye michezo ya shule. Dar es Salaam! Wengi wetu hata kisiwa jirani cha Bwejuu, tulichokuwa tukikisikia kwa wavuvi, hatukuwa tumefika.

Hapakuwa na ubishi nani angekwenda. Bakari, mtoto wa mama yangu mkubwa, alikuwa anakimbia kama ardhi inamwunguza. Bibi yake, Bi Mwanaisha, aliyemlea, alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi kila jioni, na fulana nyeupe ya safari ilishanunuliwa, imekunjwa ndani ya kasha na maua ya asumini.

Jioni ya kuamkia mbio, Mwalimu Filimbi alikwenda kilimani peke yake kuweka alama za njia. Hakumwuliza mtu. Akachana kuti bichi tepe tepe, akafunga kwenye minazi, mmoja baada ya mwingine, usawa wa kifua, kutoka kwenye mkorosho mpaka juu.

Asubuhi filimbi ikalia, tukatoka mbio. Bakari mbele, sisi nyuma yake, na watoto wa Kilindoni pembeni, wengi wao wana wa makarani na askari waliotoka bara. Tulipoupita mkorosho tukaona kuti. Mbele yake kuti jingine, na jingine. Baleni nzima tukakata kulia kwa pamoja, tukateremka bonde la mpunga, tukaingia matope mpaka mapajani ili tuupande mlima kwa upande wa pili. Wale wa Kilindoni walipita katikati ya minazi huku wanatupigia kelele, "Watu wa shamba! Mnakimbia majani!"

Na pamoja na matope yale, pamoja na mzunguko ule wote, Bakari alifika kisimani wa kwanza. Wa kwanza! Akina mama wakapiga vigelegele. Mwalimu Filimbi akamshika mkono, tukadhani anamwinua tumwone.

"Umekata njia," akasema.

"Sikukata, mwalimu. Nimezunguka."

"Nimeitazama njia ya alama yote toka hapa, hukuonekana. Umezunguka vipi, na umefika mbele ya wote? Anayezunguka anachelewa!"

"Mimi nakimbia, mwalimu," Bakari akasema, kwa upole kabisa, kama anayemweleza mgeni.

Bi Mwanaisha akajipenyeza mpaka mbele, kanga kajifunga kiunoni. "Shikamoo hunipi leo, mwanangu, haya. Hebu mtazame mtoto miguu. Hiyo njia yako ina matope?"

"Shikamoo, Bibi. Ameanguka huyo."

"Ameanguka mpaka mapajani, miguu yote miwili, na wenzake wote wameanguka naye? Wewe umefunga makuti kwenye minazi ya watu. Kwetu hiyo ni kumwambia mtu asipite. Ulitaka wapite wapi, warukie juu?"

"Hizo ni imani za kizamani, Bibi. Mimi nimeweka alama za mbio, na alama ni sheria."

"Nasi tumeifuata sheria," Bi Mwanaisha akajibu. "Ndiyo inayomponza."

Watu wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomaliza mambo. Mwalimu akapuliza filimbi, akamtangaza mshindi mtoto wa karani wa Kilindoni. Mtoto mwenyewe alikuwa anaangalia chini, yeye simlaumu.

Jumatatu mimi sikurudi shule, na sikurudi tena. Nimetangatanga pwani yote hii, Kilwa, Lindi, Tanga, Mombasa, nikipakia na kupakua mizigo, na kila nilikofika niliuliza jani likifungwa mtini linasema nini. Niliambiwa ziko sehemu za bara ambako linasema "pita hapa". Kwa hiyo kosa la Mwalimu Filimbi nalielewa, mgeni hukosea. Nisilolisamehe, na sitalisamehe mpaka naingia kaburini, ni kwamba aliambiwa. Alielezwa na mtu mzima, mchana kweupe, mbele ya matope yenyewe, akaona afadhali mtoto aonekane mwizi kuliko yeye aonekane mgeni.

Bakari akawa mkwezi. Amekwea minazi ya Baleni maisha yake yote, na Dar es Salaam hajakanyaga. Siku hizi, kukiwa na mbio, njia ya kilimani inawekewa tepe za plastiki, watoto wanazing'oa kufungia mipira yao, na anayepotea anapewa medali kama anayefika.

Mjukuu wake alichaguliwa juzi kwenda michezo Dar. Amepanda ndege, hakuhitaji hata kulowa unyayo. Aliporudi nilikuwepo barazani. Bakari alikuwa amevaa kanzu safi kumpokea.

"Enhe, baba. Huo uwanja ukoje?"

Kijana hakuinua macho kwenye simu. "Kawaida tu, babu."

Kawaida tu! Nilitaka kuinuka na bakora. Bakari akanizuia kwa mkono, akasogeza kigoda chake karibu zaidi na mtoto.

"Lakini chini, pale mnapokimbilia," akauliza, "ni majani au mchanga?"

Kijana akafikiri kidogo. Hakukumbuka.