Vyuma Saba Chini ya Sinki

Émérance alikuwa mtu wa Bukavu, na kwa miaka kumi na mmoja kazi yake Brussels ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Berchem-Sainte-Agathe, nyumba hadi nyumba. Mmoja wao, bibi kizee asiyeweza tena kusimama, alikuwa na mwana aitwaye Ghislain, dereva mstaafu wa tramu, kapera wa miaka hamsini na minane. Bibi alipofariki, Ghislain alianza kumpigia Émérance simu kuuliza mashine ya kufulia inawashwaje. Baada ya simu ya nne hata kipofu angeona kinachoendelea. Wakaoana mwaka 2002.

Siku ya kuhamia, Émérance alifika kwenye ngazi za ghorofani, ambako kazi haikuwahi kumpeleka, akaganda. Ukutani zilitundikwa bunduki saba za kijeshi, za vita vya zamani, zimepakwa mafuta zinang'aa. Mwanamke huyu alikuwa amekimbia vita kwa miguu. Kwake bunduki haijawahi kuwa pambo.

Ghislain hakubishana. Alizishusha moja moja, na kwenye kila moja akachomoa culasse, kile chuma chenye mkono kinachosukumia risasi ndani na kuifungia humo. Akavifunga vyuma vyote saba kwa vitambaa, akavitia kwenye kopo la biskuti, na kopo akaliweka chini ya sinki ya jikoni.

"Bila hiki, ni kuni tu," alimwambia.

Kuni! Maskini Ghislain, neno hilo lilimuuma mwenyewe. Kila bunduki ilipigwa namba kiwandani, na namba hiyohiyo ikapigwa kwenye culasse yake. Kambini askari walizisafisha kwa pamoja na vyuma vikachanganyika, ndiyo maana bunduki nyingi za zamani zina culasse ya nyingine. Hufyatua vilevile, lakini kwa wanaozikusanya thamani hushuka nusu, pengine zaidi, na haipandi tena. Za Ghislain zililingana namba zote saba. Zilimchukua miaka thelathini. Jumapili, kwenye maonyesho ya wakusanyaji, wenzake walivaa miwani kuzisoma namba hizo, naye akisimama pembeni kama baba ambaye mwanawe amefaulu mtihani.

Juni 2004 Bukavu ilivamiwa. Ghislain alikuwa hospitali, amepasuliwa goti, simu ilipolia: kaka mdogo wa Émérance alikuwa amepigwa risasi mlangoni kwake. Siku tatu Émérance alikaa peke yake na msiba wake, na kila alipoingia jikoni alijua kilichopo chini ya sinki. Siku ya nne lori la vyuma chakavu likapita mtaani. Alitoka na culasse zote saba ndani ya aproni, akazimwaga juu ya majiko mabovu. Kopo akalijaza misumari lisiwe jepesi, akalirudisha mahali pake.

Wiki hiyo alipumua. Kisha Ghislain akarudi kwa magongo, akamkumbatia, akamlilia shemeji ambaye hakuwahi kumwona. Hapo ndipo Émérance alipoelewa amemfanyia nini mtu huyu.

Alimweleza mdogo wake tu, Thérèse, aliyesuka watu nywele Matonge, mtaa wa Wakongo hapohapo Brussels.

"Yaya, ile mambo utamuambia siku gani?" Thérèse alimuuliza dada yake kila walipoonana. "Ule ni bwana yako, haiko polisi."

"Nitamuambia. Bon, aache kwanza magoti ipone."

Goti lilipona, Krismasi ikaja, ikaja nyingine. Ghislain aliacha kwenda kwenye maonyesho, akisingizia goti, na wenzake wakaacha kuja kumtembelea. Jioni alikaa na mkewe wakimenya viazi. Émérance alipiga deki jikoni kwa miaka tisa bila kuligusa lile kopo. Alilizunguka. Mara kadhaa alipiga moyo konde, akamwita mumewe kwa jina, naye alipogeuka na uso ule mpole, Émérance akamuuliza kama anataka kahawa.

Mwaka 2013 Ghislain alianguka akipunguza matawi ya ua. Moyo. Hakufika hospitali akiwa hai.

Miezi miwili baadaye Émérance alimwita Donat, muuza silaha za kale mwenye kibali, azichukue zile bunduki. Donat alizikagua zote, akaulizia culasse. Émérance akaleta kopo.

"Monsieur, usihangaike kulifungua. Hamna kitu. Nilizitupa mimi."

Lakini Donat alikwisha kulifungua. Ndani mlikuwa na culasse saba, kila moja na kitambaa chake.

Donat alivaa miwani, akasoma namba ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba.

"Hakuna hata moja inayolingana," alisema. "Sishangai. Mimi ndiye niliyemuuzia, mwaka ule wa 2004, majani yakipukutika. Alitaka zozote zitakazoingia. Nikamuuliza zake ziko wapi, akasema amezitupa mwenyewe akisafisha jikoni. Tulimcheka, madame. Mtu aliyetuhubiria namba maisha yake yote! Tulimcheka mpaka akaacha kuja. Nikamwambia hizi hazirudishi thamani, unatupa pesa. Akasema si za thamani. Ni za mke wake. Siku akilifungua kopo azikute, aache kujitesa."

Donat akataja bei, akaomba radhi kwamba ni ndogo. Émérance hakuisikia. Alikuwa na hasira, hasira juu ya maiti, na aibu juu ya hasira hiyo. Kwa nini hakumgombeza? Sahani moja ivunjwe, mlango mmoja ubamizwe, wangelia wote wawili na yakaisha mwaka uleule.

Akaanza kusema kwa Kiswahili, ambacho Donat hakukijua hata neno.

"Ulijua, Ghislain. Ulijua, na uliniacha nakuogopa neuf ans, miaka tisa. Pardon, bwana yangu. Pardon."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kumtoka, na aliyestahili kulisikia alikuwa na wiki ya tisa kaburini.