Nilifunga dripu ya mama kwa dakika tatu: heshima kwa sista na ile dawa ya kushikilia presha

Wakuu, salamu kutoka Emali, ambako wiki hii vumbi limehamia ndani ya nyumba na halina mpango wa kutoka.

Leo sina siasa wala mpira. Haya nimeyafanya kwa mikono yangu hii, na kuna sehemu inaniaibisha mpaka leo, kwa hivyo msidhani natunga. Mtu hajitungii aibu.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni fundi wa pampu na bomba za maji. Borehole ikikataa kutoa maji Makueni au ng'ambo Kitui, kuna uwezekano simu itanipata. Kazi naijua, na ukweli ni kwamba huwa najisikia. Mke wangu husema nikiona valve yoyote lazima niiguse.

Wekeni hiyo akilini, tutairudia.

Mama yangu, Mwaitu kwa Kikamba chetu, ni fundi wa nguo kule Kasikeu. Ana cherehani ya miguu ambayo ni ya zamani kuliko mimi. Nusu ya akina mama wa kanisa lao wamevaa kazi ya mkono wake.

Sasa siku moja akakanyaga mwiba shambani. Akautoa mwenyewe, akaosha na maji moto na chumvi, akarudi kwa cherehani. Kulikuwa na nguo za harusi za kumaliza, na Mwaitu akipewa tarehe haongei mambo ya mguu.

Mguu ukafura. Akaficha na soksi.

Mimi nilikuwa Kanyangi, nimeteremsha pampu nusu ya shimo, wakati dada yangu Mwende aliponipigia asubuhi. Mwaitu alikuwa ametetemeka na homa, halafu akawa baridi, na sasa alikuwa anamwita Mwende kwa jina la shangazi yetu aliyekufa zamani. Jirani alikuwa amewabeba na gari mpaka hospitali.

Niliwaachia watu wa Kanyangi pampu yao ikining'inia. Waliniambia niende, hakuna aliyelalamika. Mungu awabariki.

Nilifika hospitali mchana. Sitaitaja jina, ni ya huku kwetu Makueni. Nikamkuta kwa chumba kidogo cha vitanda vitatu, cha wale wamezidiwa, karibu na meza ya manesi. Midomo imekauka, vidole vya rangi ya majivu.

Presha yake ilikuwa 68 kwa 40.

Sisi kwetu tumezoea kuogopa presha ya juu. Kila boma kuna mtu wa tembe za presha, na kila mtu anajua usimpe chumvi, usimkasirishe. Ya chini sikuwahi kuifikiria kama kitu cha kuua mtu. Nilidhani ya chini unapewa soda unakaa sawa.

Daktari mmoja mwembamba, mpole, akatueleza mimi na Mwende. Uchafu wa kidonda ulikuwa umeingia kwa damu. Walikuwa wamempa antibiotic na dripu za maji, ya tatu ilikuwa inaisha, na presha bado imelala.

Nikamuuliza kama fundi: kama mmejaza maji, kwa nini presha haipandi?

Akatabasamu kidogo, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Basi akasema, chukua bomba zako zote za inchi moja, ghafla zikuwe za inchi tatu. Maji ni yale yale. Presha utapata wapi?

Asi! Nilielewa hapo hapo. Infection ilikuwa imelegeza mishipa yote ya mama yangu. Damu ilikuwepo, lakini haikuwa inafika juu kwa kichwa, wala kwa figo.

Akasema kuna dawa ya kukaza hiyo mishipa. Noradrenaline. Inachanganywa kwa dripu na inaingia pole pole sana, tone kwa tone.

Wakuu, hapa ndipo nataka kuvua kofia.

Mashine moja ya kusukuma hiyo dawa ilikuwa kwa mgonjwa mwingine, na walikuwa wanatafutiwa ya pili. Sista wa zamu, nitamwita Sista Mutheu, hakungoja. Alichukua ile dripu yenye chupa ndogo ya plastiki katikati, wanaiita soluset, akaiunganisha kwa mshipa mkubwa wa mkono karibu na kiwiko, akashika saa yake mkononi, akaanza kuhesabu matone.

Midomo yake ilikuwa inasonga bila sauti. Anahesabu, anagusa gurudumu dogo la kwa mrija, anahesabu tena.

Kila dakika tano anapima presha na kuandika. Katikati anaangalia ngozi kando ya sindano, kwa sababu alituambia hiyo dawa ikivuja nje ya mshipa inaweza kuua nyama ya mkono.

68. Halafu 74. Halafu 85.

Nikaona kwa macho yangu vidole vya Mwaitu vikirudi rangi. Ilipofika 98 alifungua macho, akaniangalia, akauliza kama nimekula.

Nilienda nje nikajifanya napokea simu. Nililia kama mtoto wa nursery.

Nikarudi nikamwambia Sista dawa yake ni ya ajabu, imemponya. Akatingisha kichwa. Akasema, "Hii haiponyi mtu. Inatushikia yeye, antibiotic ifanye kazi yake. Ikiachilia, anaenda."

Nilisikia vizuri kabisa. Sikuelewa.

Sasa twende kwa aibu yangu.

Ilikuwa inaelekea saa kumi, saa ya kuona wagonjwa. Mwende akapigiwa simu kwamba akina mama wa kanisa wamefika kwa gate, watu kama kumi na wawili, vitambaa kichwani, wamekuja kuomba na Mwaitu.

Mwaitu akasikia.

Mnajua mama zetu. Mtu anaweza kuwa mlangoni mwa kaburi lakini hataonekana vibaya na watu wa kanisa. Na huyu ndiye anawashonea! Alikuwa na lile gauni la hospitali la kufungwa nyuma. Akamwambia Mwende kwa ile sauti ndogo, "Sitaonekana hivi." Mwende alikuwa amebeba ile nguo ya Mwaitu ya Jumapili, ya bluu, mikono mirefu, kwa sababu binti wa Mkamba akipeleka mama hospitali hubeba na nguo ya kurudi nayo nyumbani.

Sista Mutheu alikuwa hatua nne tu, kwa kitanda cha pili, ametupa mgongo, anamsaidia mzee mmoja na oxygen. Tungemuuliza tu. Sentensi moja.

Lakini fundi alikuwepo.

Nikamwambia Mwende hii ni kazi ndogo. Tutapitisha mfuko wa dripu kwa mkono wa nguo kwanza, halafu mkono wa mama ufuate. Na kwa sababu nimezoea, huwezi kusongesha bomba kama maji yanatembea, nikafunga lile gurudumu. Kwa akili yangu tenki limejaa, dakika moja ya kufunga valve haiumizi mtu.

Mfuko ukapita. Ile chupa ya soluset ikakwama.

Mkono wa nguo ulikuwa umebana hapo kwa kiwiko. Nikivuta, mrija unanyooka na naogopa sindano itoke. Nikirudisha, mfuko unakwama upande ule mwingine. Mwende anashika huku, mimi nashika kule, tunanong'onezana kwa Kikamba kama wezi wa kuku.

Mwaitu alikuwa anatuambia tuanzie bega. Alisema "anzieni be..." halafu akanyamaza.

Nikadhani amekasirika.

Nikaangalia uso wake. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yananiangalia. Monitor ya kando ya kitanda ikaanza kulia.

Sista Mutheu aligeuka. Sijui alifikaje, nilimwona tu yuko hapo. Akabonyeza mashine ya presha iliyofungwa mkono wa pili wa Mwaitu, akauliza swali moja, nani amefunga. Nikasema ni mimi, dakika kama tatu hivi. 58 kwa 30.

Nikaruka nishike gurudumu nilifungue lote, nirudishe kile nimemnyima. Akanishika kifundo cha mkono. Ana mkono mdogo lakini ulinishika nikashikika.

"Usifungue. Ukimwaga yote sasa presha itaruka, na moyo wake hautaweza."

Akatoa makasi mfukoni. Akakata ile nguo ya bluu kutoka kiwiko mpaka bega, kitambaa kikaanguka pande mbili, mrija ukawa huru. Akainua mfuko juu, akafungua gurudumu kidogo. Akaangalia saa. Midomo ikaanza tena.

Wakuu, nimengoja maji yatoke kwa borehole ya mita mia mbili na kijiji kizima kimesimama nyuma yangu. Sijawahi kungoja kitu kama nilivyongoja hiyo namba.

62.

Daktari alikuwa amefika, akasimama upande wa pili, hakumkatiza. Alimwachia Sista ahesabu.

70. Mwende amepiga magoti chini. 81. Kope za Mwaitu zikatingika.

94.

Mlangoni wale akina mama walikuwa wameona yote. Hakuna aliyeingia. Walirudi kwa veranda wakaomba kwa sauti ya chini sana, na baadaye wakaruhusiwa mmoja mmoja kusimama dirishani. Mwaitu akawapungia akiwa na gauni la hospitali, nguo iliyokatwa imemwangukia kifuani. Sikuona hata mmoja akiangalia nguo.

Nilingoja kukemewa. Sista aliosha mikono, akaandika kwa chati yake, halafu akanivuta kando akanieleza kama mtu mzima. Hiyo dawa haiweki akiba mwilini. Inaisha ndani ya dakika moja mbili, ndiyo maana inaingia bila kusimama, na ndiyo maana hata wakati wa kubadilisha mfuko wanatayarisha mwingine mapema. Nilikuwa nimefikiria tenki. Mwilini hakuna tenki ya hiyo dawa.

Mashine ya pili ililetwa jioni ile. Sista aliiunganisha, akaweka namba zake, na bado alirudi kila saa kuiangalia ile ngozi ya kiwiko.

Siku iliyofuata kidonda kikaoshwa, usaha ukatolewa, wakaanza kupunguza dawa kidogo kidogo. Siku ya tatu wakaitoa kabisa. Presha ikasimama kwa miguu yake, 112.

Hapo ndio nikaona siwezi kukaa na hiyo kitu rohoni.

Nikamwambia Mwaitu. Nilikaa kando ya kitanda nikamweleza kwamba siku ile alipopotea, haikuwa ugonjwa, ilikuwa mimi. Nilifunga dawa yake kwa kiburi cha ufundi, na karibu nimuue mama yangu kwa sababu ya nguo.

Akaniambia nimletee ile nguo.

Nikaitoa kwa mfuko wa plastiki. Akaifungua kwa magoti, akapitisha kidole mahali makasi yalipita, akafika kwa kiwiko. Akapima na vidole viwili vile yeye hupima.

"Huu mkono nilibana sana," akasema.

Basi. Hilo ndilo neno lote nililopata kutoka kwake juu ya jambo hilo. Hajawahi kulirudia.

Alitoka hospitali wiki iliyofuata, na mguu unapona. Kitu cha kwanza, kabla hata ya kumaliza zile nguo za harusi, alichukua ile ya bluu. Hakuishona ikafungika. Alipinda kingo zote mbili pale ilipokatwa, akaweka vifungo vya kubonyeza kutoka kiwiko mpaka bega. Ukitaka unaufungua mkono wote, mrija unalala hapo bila kuguswa na mtu.

Jumapili ya kwanza kurudi kanisani aliivaa hiyo. Alisimama mbele akatoa shukrani, akafungua vifungo vyote mbele ya watu, ta! ta! ta! ta!, akawaonyesha. Na akawaambia mgonjwa wa dripu asibadilishwe nguo mpaka sista aitwe.

Funzo langu ni fupi, na linahusu sana wale wenzangu mafundi tunaojua kila kitu. Ukiona dripu imesimama, imejaa, imeisha, imepinda, iache na umwite nesi. Hata kama yuko hatua nne. Hasa kama yuko hatua nne. Hujui ndani ya ule mfuko ni maji ya kawaida au ni kamba inayomshikilia mtu wako.

Na kama una jamaa ana kidonda na ameanza kutetemeka au kuchanganyikiwa, usingoje kesho.

Najua humu kuna madaktari na manesi. Nirekebisheni nikikosea mahali, sitanuna. Na kama umewahi kumgusia mgonjwa wako kitu ukajuta, sema hapa, usione haya, mimi nimeshaanza.

Kwa Sista Mutheu, najua hilo si jina lako na pengine hutasoma uzi huu. Jumatatu nilipita hapo hospitali nikakuachia furushi kwa meza ya manesi. Ni magauni sita ya wagonjwa, yana vifungo kutoka kiwiko mpaka bega, pande zote mbili.

Mikono haijabana. Mwaitu amesema nikuambie hivyo.